Hakuna Aliyenenepa, Tumejaa Maji Tu

Siku hizi Mbeya hakuna mtu aliyenenepa. Watu wote wamejaa maji. Ukikutana na mtu Mwanjelwa, kifungo cha tumboni kimegoma, ukamtania kidogo kwa mazoea yenu ya zamani, anakutazama kwa huruma na kukueleza kwamba huo si unene, ni limfu imetuama. Chapati za asubuhi hazihusiki. Sinia la wali wa Kyela la jana usiku halihusiki. Ni limfu tu, inataka kusukumwa, na ikisukumwa inavyotakiwa tumbo litarudi lilikotoka.

Habari hizi ziliingia nyumbani kwangu kupitia kikoba. Kikoba cha mke wangu hukutana sebuleni kwetu Jumapili mchana, na miaka yote kilikuwa na kazi mbili: kukopeshana hela na kugombana kwa sababu ya hela. Nilishazoea. Sauti zikipanda najua kuna mtu hajaleta rejesho. Zikishuka najua soda zimefika. Sasa Jumapili moja narudi kutoka kwa fundi viatu, nakuta kimya. Akina mama wazima, wenye madeni, wamenyamaza! Nachungulia, naona wamekaa kwenye mkeka wawili wawili, kila mmoja amemshika mwenzake shingoni.

“Karibu shemeji,” mmoja akaniambia bila kufumbua macho. “Tunafungua njia.”

Njia gani, sikuambiwa. Mwalimu wao alikuwa binti wa saluni moja huku kwetu, aliyejifunza kwa kutazama video kwenye simu. Ukimfuata kwake anatoza elfu thelathini kwa mtu, lakini kwa kikundi anapunguza. Nikafanya hesabu haraka haraka, nikaona kwa elfu thelathini napata gunia la mkaa na chenji. Nikawa nataka kupita zangu niende uani, ndipo mke wangu akasema maneno ambayo yameniharibia jioni zangu mpaka leo.

“Baba watoto, usiondoke. Njoo ujifunze.”

“Nijifunze nini?”

“Sasa mgongo wangu nitaufikiaje mwenyewe?”

Tangu siku hiyo nina ajira ya pili. Kazi inaanza saa mbili usiku, saa ya taarifa ya habari. Nani aliyepanga saa mbili? Nimeuliza, nimejibiwa kwamba mwili unapokea vizuri saa hiyo. Mwili wangu mimi saa mbili unapokea taarifa ya habari, ikifuatiwa na michezo, maana nataka kujua Mbeya City na Prisons wamefanya nini. Haukuulizwa.

Vifaa vilianza kuja. Kwanza kibrashi cha mti chenye manyoya magumu, cha kusugulia ngozi kavu kabla ya kuoga. Kisha kijiwe cha kijani chenye mpini, kinachozunguka, kimetumwa na basi kutoka Kariakoo kwa gharama ambayo sitaitaja kwa sababu mama mkwe wangu anasoma safu hii. Kisha mafuta ya parachichi. Mimi nimekulia Tukuyu, ambako maparachichi ya kienyeji yalikuwa yanaanguka yenyewe, na wateja wakubwa walikuwa nguruwe. Leo yamekamuliwa, yametiwa kwenye kichupa cha kiganjani, na mimi mtoto wa Rungwe nayanunua.

Halafu maji. Ukishakandwa, unaambiwa unywe maji mengi ili “uchafu” utoke. Ni sawa, ila aliyetoa sharti hilo hajawahi kuishi kwenye nyumba ambayo choo kiko uani, mwezi wa saba, Mbeya. Watu wa pwani hawaijui Mbeya ya Juni na Julai. Usiku nyuzi joto zinashuka chini ya 10, upepo unateremka kutoka Loleza na kuingia chini ya mlango, na bati asubuhi unalikuta limelowa. Saa tisa usiku ndiyo mlango wetu wa nyuma unaanza kulia. Mama watoto anatoka, anarudi, anaingiza miguu ya barafu kwenye blanketi langu. Nimejaribu kumweleza kwamba kinachotoka pale ni yale maji aliyokunywa, figo zimefanya kazi yake. Anasema ni sumu.

Na baridi hiyo hiyo ndiyo inayofanya zoezi lote liwe kichekesho. Video zinasema: vua nguo, lala, tulia. Anayesema hivyo ana feni juu ya kichwa. Huku kwetu anayevua sweta usiku wa Julai amepoteza tumaini. Tukaanza mazungumzo ya kukanda mguu mmoja mmoja, mwingine ukiwa ndani ya suruali ya mazoezi. Likatolewa wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani, mlango ufungwe, joto lipande. Hapo nilikataa kabisa, na sikutania. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na kila msimu wa baridi nyanda hizi za juu zinazika watu waliolala na jiko. Bora tubaki na limfu yetu.

Ilibidi nifuatilie kitu hiki kimetoka wapi, maana mtu akikutwisha kazi ni haki yako kujua tajiri ni nani. Nikakuta baridi ndiyo iliyokizaa. Alikuwepo Mdenmark mmoja, Emil Vodder, na mkewe Estrid. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walikuwa wanachua watu Cannes, kusini mwa Ufaransa, kwenye pwani ya matajiri. Wateja wao wengi walikuwa Waingereza waliokimbia unyevunyevu wa kwao: mafua hayaishi, pua imeziba, tezi za shingo zimevimba. Wachuaji wa wakati huo waliogopa kugusa tezi. Vodder, ambaye wala hakuwa daktari wa hospitali, akazigusa, polepole, kwa kuzungusha vidole, na mkewe akifanya naye. Mwaka 1936 wakaipeleka mbinu yao Paris, kwenye maonyesho ya afya na urembo. Kwa hiyo urembo haukuongezwa na mabinti wa saluni, ulikuwepo tangu uzinduzi. Kinachoniuma ni hayo mafua. Mimi kila Julai pua yangu haifai, shingo imejaa mitoki, yaani ndiye mteja halisi wa Vodder niliyebaki duniani, na hakuna aliyewahi kunigusa. Mimi ni mtumishi.

Mwili wenyewe unavyofanya kazi si siri. Damu ikizunguka, maji kidogo yanachujika kutoka kwenye mishipa midogo na kubaki katikati ya nyama. Mishipa ya limfu inayaokota, kiasi cha lita 3 kwa siku, inayapitisha kwenye tezi ambako chembe za kinga zinakagua kama kuna vijidudu, kisha inayarudisha kwenye damu karibu na mifupa ya mitulinga, pale chini ya shingo. Mishipa hii haina moyo wake. Ile mikubwa hujikamua yenyewe, ina vilango ndani vinavyozuia maji yasirudi nyuma, na msukumo mwingine unatoka kwa misuli unapotembea na kifua unapovuta pumzi. Ni mtaro wa Mwanjelwa wakati wa masika: upande wa chini ukiziba, hata ufagie huku juu mpaka jioni, maji hayaendi popote. Ndiyo maana wakandaji huanza shingoni, halafu kwapani na kwenye kinena, kisha ndipo wanashuka kwenye miguu, na mkono wakati wote unaelekea moyoni. Hilo la kuanzia juu binti wa saluni alilipata sawasawa, nampa haki yake.

Sasa angalia mji wenyewe tunaoishi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hakuna barabara ya mtaani iliyonyooka. Kutoka sokoni kwenda nyumbani kwetu ni mlima, kwenda kanisani ni mlima, na kwenda dukani ni kuteremka, maana yake kurudi ni mlima. Kila hatua misuli ya shavu la mguu inaminya mishipa na kusukuma maji juu. Mama anayeshuka alfajiri kutoka vijiji vya mlimani na mzigo wa kuni kichwani, akauza, akapanda tena, limfu yake ingeweza kuendesha mtambo wa umeme. Huyo hajawahi kuambiwa amejaa maji. Wanaojaa maji ni wale wanaopanda bajaji kutoka Kabwe mpaka Mafiati, na mmojawapo naishi naye, ingawa yeye anasema ni kwa sababu ya viatu.

Kati ya wanakikoba wote yupo mmoja tu ninayekubali kumsikiliza. Ni jirani yetu, mama mtu mzima, mpole, anayevaa mikono mirefu jua liwake lisiwake. Miaka ya nyuma alipata saratani ya titi, akapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na kwenye upasuaji tezi za kwapa ziliondolewa. Baadaye mkono ukaanza kuvimba, ukawa mzito, pete ikakatwa kwa msumeno. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyemfundisha kukanda, na chini ya ile mikono mirefu anavaa soksi ya mkono inayobana. Jumapili moja alikaa kwenye kona ya mkeka bila kusema neno wakati wenzake wanaminyana mpaka wanapiga kelele. Mwishowe akamwomba mke wangu anyooshe mkono. Akatoa kwenye pochi sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya ngozi.

“Mnaiona inavyolala?” akauliza. “Basi ndiyo nguvu hiyo. Ukizidisha umeshaipita.”

Akaonyesha. Kiganja kimelala, ngozi inavutwa taratibu kuelekea juu, inaachiwa irudi yenyewe. Hakutumia hata tone la mafuta, kwa sababu mkono ukiteleza ngozi haivutiki. Mishipa inayotakiwa iko hapo hapo chini ya ngozi, ukikandamiza unaiziba. Binti wa saluni alikuwa anapiga ngumi. Tangu siku hiyo mafuta ya parachichi yamehamia jikoni, na kusema kweli kwenye kachumbari si mabaya.

“Na inapunguza unene?” akaulizwa, kwa sauti ya matumaini.

“Haipunguzi. Mafuta ya mwilini hayapiti huko.”

Kikao kizima kikamtazama vibaya. Akaongeza kwamba hata kwake yeye, kazi kubwa inafanywa na bandeji na soksi. Kukanda kunasaidia juu yake. Nilikuja kukuta watafiti wa Cochrane walisema karibu hivyo hivyo mwaka 2015 walipopitia tafiti za wagonjwa wa namna yake: ni salama, na kunaweza kuongeza nafuu kidogo kwa anayefungwa bandeji. Kuhusu sumu alicheka tu. Sumu ni kazi ya ini na figo, alisema, zinalipwa mshahara kwa ajili hiyo. Baada ya hapo wakaendelea na agenda ya pili, mikopo, na sauti zikapanda.

Lakini nisiwe mchoyo. Kuna jambo moja mke wangu analisema nami siwezi kumkatalia: akishakandwa analala. Halalamiki kichwa, hasemi juu ya ada ya shule, analala. Hilo nalo lina maelezo yake. Ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi za neva ambazo hazina habari na maumivu wala ncha ya sindano. Zinachangamka zaidi ngozi inapopapaswa polepole, karibu sentimita 3 kwa sekunde, kwa kiganja chenye joto. Ukienda mbio hazikujibu. Mimi sikuamini. Nilichukua rula ya mtoto, nikaiweka juu ya kitambaa cha meza, nikaanza kupitisha mkono huku naitazama saa ya ukutani. Jaribu uone! Sentimita 3 kwa sekunde ni mwendo wa mtu asiye na mahali pa kwenda. Kutoka kifundo cha mguu mpaka goti ni kama robo dakika. Mwanangu alisimama mlangoni akaniangalia nikipapasa meza, akaenda kumwita mama yake.

Zamani kwetu kukanda hakukuwa na upole wowote. Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, bibi yake alikuja kutoka kijijini na ndoo, taulo na mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba mimi nilikuwa nayaogopa nikiwa chumba cha pili. Asubuhi na jioni, tumbo, mgongo, kiuno, na mzazi akilia bibi anasema lia, damu chafu inatoka. Hata wachuaji wa vijana wa mpira, wale wenye chupa za mafuta ya nyonyo, hawajui kitu kinaitwa taratibu: mguu umeteguka, wawili wanakushika, wa tatu anakukunja. Uliondoka umepona au umenyamaza. Sasa mwanamke yule yule aliyepitia mikono ya bibi, nikimgusa kwa uzito wa shilingi mia tano badala ya mia mbili, ananiambia nina mkono wa jembe.

Mambo yakawa yamefika hapo, ndipo mzee wangu akaja.

Alishuka kwenye Coaster ya Tukuyu na koti lake la mvua, kamba za viatu ameziachia. Nilipopokea begi nikaona soksi zimechora mfereji kuzunguka vifundo. Miguu yote miwili imevimba. Mke wangu alipiga magoti mlangoni kumwamkia, macho chini, na pale chini ndipo ilipokuwa miguu. Hakuzidisha neno. Alikuja jikoni akaninong’oneza, uso unang’aa kwa furaha ya kitaaluma:

“Baba amejaa maji!”

Hapa inabidi msomaji asiye wa huku aelewe ugumu uliotokea. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Zamani hata kuonana hawakuonana. Mwanamke akisikia sauti ya baba mkwe anatoka njiani na kuingia migombani mpaka mzee apite. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, alijaza kurasa kwa habari hiyo. Mjini siku hizi mambo yamelegea, wanakaa nyumba moja, chakula kinapelekwa na mtoto, maisha yanakwenda. Lakini kumshika baba mkwe mguu? Kumkanda paja? Watu wangehama ukoo.

Kabla hatujafika huko, jirani mwenye soksi ya mkono aliingia kurudisha ungo, akamwona mzee barazani, akaniita pembeni. “Shemeji, usiruhusu mtu amguse mzee kabla hajapimwa.” Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na ukiukanda unaweza kuikata hiyo damu ikasafiri kwenda kwenye mapafu. Miguu yote miwili ikivimba inaweza kuwa moyo au figo, na moyo uliochoka hautaki kusukumiwa maji mengine. Nilimwambia hayo ndiyo niliyokuwa nataka kusema, na kweli ndiyo niliyokuwa nataka kusema, ila hakuna anayenisikiliza mpaka mtu mwingine aseme.

Mzee naye alikuwa na hofu yake. Usiku aliniuliza, akiwa amegeukia ukutani, kama hayo ni matende. Nilicheka kidogo, lakini yeye hakucheka. Nikamkumbusha kwamba kwao Rungwe wamemeza dawa ya usubi kwa miaka na miaka, mwaka baada ya mwaka, na dawa hiyo, ivermectin, ni mojawapo ya zile mbili zinazogawiwa kwenye kampeni za kingatende. Ya pili ni albendazole. Kazi hiyo nchini ilianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Matende huenezwa na mbu, minyoo yake inakaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, na mguu uliokwisha kuharibika haurudi kwa kijiwe cha kijani.

Shangazi yangu aliolewa Pangani na mguu wake mmoja uko hivyo. Nilipokwenda kumtembelea nilimwona jioni anavyofanya. Beseni, sabuni ya kipande, maji safi. Anaosha taratibu kila mkunjo, halafu anachukua ncha ya khanga iliyochakaa, anaizungusha nyembamba na kuipitisha katikati ya kila kidole mpaka pakauke kabisa, kwa sababu pakibaki unyevu ngozi inachanika, vijidudu vinaingia, homa inakuja na uvimbe unaongezeka. Kisha mguu unapandishwa juu ya kigoda, kifundo kinapelekwa mbele na nyuma, huku anaendelea kusengenya majirani. Ndivyo wataalamu wa afya wanavyoelekeza, na gharama yake ni sabuni. Hajawahi kuuliza kama inapunguza tumbo.

Asubuhi nikampeleka mzee hospitali. Daktari kijana, mwenye haraka zake, alimbonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, akahesabu kimya kimya, akatoa kidole. Shimo likabaki. Akasikiliza moyo, akasikiliza mapafu, akaagiza mkojo upimwe. Majibu yalipotoka safi akauliza swali ambalo sisi wote wa limfu hatukuwa nalo.

“Babu, dawa ya presha unatumia ipi?”

Mzee akaingiza mkono kwenye koti la mvua, akatoa bahasha ya karatasi iliyokunjwa mara nne. Amlodipine, miligramu 10. Daktari akatikisa kichwa akicheka. Kumbe dawa hiyo, nzuri kabisa kwa presha, ina tabia ya kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ikiwa kubwa. Akapunguza dozi, akaongeza dawa ya aina nyingine, akamwambia asiache hata siku moja na arudi kupimwa. Nikauliza, kwa ajili ya amani ya nyumba, je, akikandwa? Akasema kwa namna alivyomkuta, kukandwa taratibu hakutamdhuru. Ningemnyamazia yule daktari swali hilo ningekuwa mtu huru leo.

Kwa kuwa mtaalamu ni mke wangu na miguu ni ya baba mkwe wake, palipatikana suluhisho. Mzee anakaa sebuleni kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Mimi ninapiga magoti. Mke wangu anasimama jikoni, nyuma ya pazia, amegeukia kabati la vyombo, anafundisha.

“Anzia juu.”

“Nimeanzia juu.”

“Juu zaidi. Paja kwanza, halafu ndiyo ushuke. Na usibonyeze!”

Mzee akainua uso. “Anaongea na nani huyo?”

“Na mimi, baba.”

“Mwambie iliyovimba iko chini.”

Ujumbe nikaupeleka kwenye pazia. Pazia likajibu kwamba lazima njia ya juu ifunguliwe kwanza. Nikaurudisha kwenye kochi. Kochi likasema hata mfereji wa shamba unaanza kuzibuliwa ulipoziba. Nikabaki katikati, mkono kwenye goti la mzazi wangu, sentimita 3 kwa sekunde, natafsiri Kinyakyusa kwenda Kiswahili na Kiswahili kwenda Kinyakyusa ilhali wote wawili wanazijua lugha zote mbili. Nyuma yangu televisheni ilikuwa inasoma habari za bandari. Sikusikia hata moja.

Vifundo vilipungua baada ya dozi kupungua, soksi zikaacha kuchora, viatu vikafungwa kamba. Ukimuuliza mzee nini kilimponya hataji kidonge. Anasema ni mikono ya mwanangu, ndaga fijo, yaani asante sana. Amewaambia wazee wa kanisa. Amemwambia kondakta wa Coaster. Nami nikimweleza habari ya amlodipine ananisikiliza vizuri sana, kisha anapandisha miguu kwenye stuli. Ya kurudi Tukuyu hayazungumzii. Mahindi yake yanavunwa na wadogo zangu.

Hivyo zamu sasa ni mbili, mzee saa mbili na mama watoto saa tatu, na mafua yangu yameingia kifuani. Jana nikiwa kwenye goti la kushoto simu ikalia. Ni mama, kutoka nyumbani. Hakuuliza hali ya mzee. Alisema wamesikia huko kwangu watu wanakandwa bure, na yeye kiuno chake ndicho kibaya kuliko miguu ya baba yako, ila siku zote hakuna anayeuliza. Anakuja Jumamosi na gari la asubuhi. Anakuja na dada yake. Niandae mafuta.

“Mafuta hayatakiwi, mama,” nilimwambia.

“Basi kukanda gani huko?” akasema. “Nitakuja nayo mwenyewe.”